Nyota Mabegani, Mke Kwenye Mstari wa Mwisho

Nimechoka kusikiliza wasifu wa marehemu maofisa wa jeshi. Vyeo vinasomwa kimoja kimoja, kuanzia luteni usu mpaka nyota za mabegani, kozi za ng'ambo, nishani, vikosi alivyoongoza. Kisha, pumzi ikikata: "Ameacha mjane na watoto." Basi! Mama wa watu kahamishwa kambi hadi kambi, kalea peke yake mwenzake akiwa mpakani, halafu anaambulia neno moja, nalo la msiba.

Ukitaka kunionyesha fadhila za afisa, nipeleke nyumbani kwake. Mimi wangu ni Jenerali Ulysses Grant wa Marekani, aliyekuja kuwa rais. Vita alizopigana wasimulie wengine. Mkewe, Julia, alikuwa na makengeza. Mume alipopata jina, bibie akaona haya, akaenda kwa daktari kuuliza kama macho yanaweza kunyooshwa. Grant alipojua akakataa: alimpenda na macho hayohayo, yaachwe yalivyo. Na alipofikiria kaburi lake, West Point, chuo cha kijeshi kilichomlea, hakukitaka, kwa kuwa mke asingeruhusiwa kuzikwa pembeni yake. Leo wamelala pamoja New York.

Lakini kilichonifunga mimi ni mwaka wake wa mwisho. Mwaka 1884 kampuni aliyoingia ubia na tapeli mmoja, Ferdinand Ward, ilifilisika. Haya, nakubali, uzembe ulikuwa wake. Jenerali mzima hakagui hesabu! Pensheni ya jeshi alishaipoteza alipovua magwanda kuwa rais. Kiangazi hichohicho akauma pichi, koo likawaka. Saratani. Sigara zilikuwa zinadai chao.

Mzee akashika kalamu. Mark Twain, mwandishi mashuhuri aliyekuwa na kampuni ya kuchapisha vitabu, alikuwa amemuahidi mgawo mnono wa mauzo ya kumbukumbu zake, naye akajua hilo ndilo shamba pekee atakalomwachia Julia. Anaandika kofia ya sufu kichwani, kitambaa shingoni, kooni amepakwa kokeini ya kutuliza maumivu. Kumeza maji tu ni mateso. Sauti ilipokatika akawa anawajibu watu kwa vikaratasi. Bunge lilimrudishia pensheni yake Machi 1885, hakuitegemea, akaendelea kuandika. Amemaliza Julai, siku chache tu kabla ya kufa tarehe 23.

Nani alimpigia saluti kwa hilo? Hakuna nishani ya mume anayeandika huku anakufa ili mkewe asije kuwa ombaomba.

Msianze kunirushia mawe, nayajua. Alikunywa, hasa Julia akiwa mbali. Mwaka 1862 alitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi katika eneo lake la kijeshi, aibu tupu. Ukweni kwake waliishi kwa jasho la watumwa. Anayetaka kumshitaki amshitaki, ushahidi upo. Ila Februari 1886 Julia alipokea hundi ya kwanza ya kitabu, dola 200,000 za zama zile, na aliyeitafuta alikuwa keshazikwa.