Posho Inalipwa kwa Kulala

Jamani, hivi mnajua kwamba serikalini posho ya safari hailipwi kwa kuchapa kazi? Kazi ina mshahara wake. Posho ya kujikimu inalipwa kwa kulala. Nenda Kibaha asubuhi, pekua mafaili mpaka vumbi likupande puani, halafu jioni rudi ulale kwako Mbagala: posho ya usiku huna. Mwenzako kaenda Morogoro, kakaa kiti cha nyuma kikaoni, kasinzia toka chai ya saa nne mpaka ya saa kumi, lakini kalala gesti ya Msamvu. Huyo anarudi mfuko umejaa. Ukishalielewa hilo, safari zote za umma unazisoma kama gazeti.

Watu wanapenda kukumbuka Novemba 2015. Rais Magufuli hata kiti cha Ikulu hakijapata joto, akafunga safari za nje: anayetaka kwenda aombe kibali Ikulu, na mikutano ya huko wahudhurie mabalozi waliopo huko huko. Tarehe 20 akaingia bungeni Dodoma na hesabu mkononi. Kwa miaka miwili ya fedha, 2013/14 na 2014/15, safari za nje zilikula shilingi bilioni 356.3. Tukapiga makelele kuhusu tiketi za ndege, bilioni 183, kwa sababu ndege inaonekana. Mstari wa chini yake tukaupita kimyakimya: posho za kujikimu, bilioni 104.5. Mafunzo yenyewe, bilioni 68.6. Yaani kulala kulishinda kusoma, tena kwa mbali.

Haya, ndege umeizuia. Safari za ndani je? Hapo ndipo penye ufundi.

Safari ya ndani inaanza na dokezo. Afisa anaandika ukurasa mmoja: kuna kikao kazi, siku tano, wajumbe wanne. Dokezo linapanda ngazi, na kila ngazi linanenepa. Mkuu wa kitengo anasema peke yake hatoshi, aongezwe msaidizi. Msaidizi anahitaji wa kuandika kumbukumbu. Afisa habari lazima aende, picha atapiga nani? Kisha linafika uhasibu, na pale linalala. Linalala siku mbili, tatu, huku mnaambiwa kifungu hakina fedha. Ongeza jina la mhasibu kwenye orodha uone kifungu kinavyofufuka mchana kweupe. Na madereva, wa magari mawili, kwa sababu watu wanne wamekuwa kumi.

Tena msimu wake unajulikana kama wa maembe. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na bakaa inatakiwa kurudi Hazina. Nani mjinga arudishe? Arudishe, mwakani akiomba aambiwe mbona mwaka jana hukumaliza? Basi Mei na Juni ndiyo miezi nchi hii inapofikiri sana. Kila mtu ana warsha. Printa ya ofisini haina wino tangu Januari, ila mafuta ya kwenda Bagamoyo yapo.

Sasa njoo kwenye hesabu. Tangu Julai 2022 kiwango cha juu cha posho ya safari za ndani kilitoka 120,000 kwa siku kikawa 250,000, na cha chini kikatoka 80,000 kikawa 100,000. Hapo sina ugomvi, vyumba vimepanda bei. Ila chukua bosi mmoja na dereva, watoke Dar es Salaam kwenda Dodoma kwenye kikao cha muda wa saa mbili. Saa mbili hizo zinaitwa siku tatu: ya kwenda, ya kikao, ya kurudi. Bosi 750,000, dereva 300,000. Barabara ni kama kilomita 450, kwenda na kurudi 900. Shangingi likinywa lita moja kila kilomita 6, hizo ni lita 150. Kadiria lita sh 3,000, umechoma 450,000. Jumla milioni moja na nusu, na bosi kikaoni kachangia sentensi moja: "Naunga mkono hoja."

Kurejesha masurufu, yaani fedha ulizopewa mapema za safari, ndiko kunakovunja watu mbavu. Fedha ulizochukua unatakiwa uzitolee hesabu ukirudi: ripoti ya safari, orodha ya mahudhurio, risiti za mafuta za EFD, ile mashine ya kodi. Usiporejesha, hupewi masurufu mengine, na deni linakatwa kwenye mshahara. Kwa hiyo karatasi zitapatikana tu, usiku kucha zitapatikana. Mahudhurio ya siku tano yanasainiwa siku ya kwanza, kalamu ile ile, mwandiko ule ule umechoka njiani. Ripoti inachukuliwa ya mwaka jana, inabadilishwa tarehe. Tatizo ni kitabu cha gari, maana dereva kaandika kilomita zake bila kuuliza mtu. Mkaguzi mwenye akili haanzi na ripoti. Anaomba kitabu cha gari, anakilaza ubavuni mwa risiti za mafuta, anatulia. Gari liko Iringa, mafuta yanajazwa Chalinze, na sahihi ya bosi iko Tanga.

Dawa mbona zipo! Kuna e-Mikutano, mfumo wa serikali yenyewe, mnakutana kila mtu akiwa mezani kwake. Lakini mfumo huo una kasoro moja kubwa: ukimaliza unalala kwako. Ndiyo maana mtandao husumbua sana siku za vikao. Mtu anayetazama mpira kwenye simu dakika tisini bila kukwama, kwenye kikao anaganda mdomo wazi.

Halafu imekuja treni ya SGR, ile ya umeme kwenye reli mpya. Tangu 2024 mtu anapanda Dar es Salaam alfajiri, daraja la kawaida sh 31,000, kikao anakiwahi, jioni anapanda nyingine kurudi. Elfu sitini na mbili badala ya milioni na nusu. Hata wabishi wakakosa la kusema, bosi akakatiwa tiketi.

Ila mheshimiwa atashuka stesheni Dodoma aende kikaoni na nini, bajaji? Haiwezekani. Basi dereva anatangulizwa na shangingi tupu kwenda kumpokea, lita 150 pale pale, posho ya dereva siku tatu pale pale. Na treni, wallahi, inafika kwanza. Bosi anakaa kwenye benchi na mkoba magotini, anapiga simu, na dereva anapokea mdomo umejaa: yuko Gairo, amesimama kidogo tu kula.