Joto la injini haliondoki kwa kupakwa rangi

Nikiona pikipiki iliyopakwa kauri (seramiki, mpako unaozuia joto), swali langu ni moja: joto limehamia wapi? Injini ya petroli hugeuza takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka na moshi, nyingine huingia kwenye silinda na hedi (kifuniko cha juu cha silinda), ikitafuta pa kutokea. Mpako huchagua tu mlango.

Bomba la moshi lililopakwa kauri nalikubali kabisa. Joto hubaki ndani na kutoka kwa nyuma, mguu wa dereva ukasalimika. Kauri kwenye kichwa cha pistoni nayo ina maana yake, kwa kuwa hupitisha joto kidogo mno kuliko aluminiamu. Ila joto lililozuiwa pale litatoka na moshi, na vali ya kutolea moshi ndiyo itakayolipokea. Ukipaka pistoni, ifikirie na vali.

Kinachoniuma ni mapezi ya silinda, yale mabapa ya nje yanayotoa joto hewani, kupakwa rangi nene ili yapendeze. Rangi nyeusi nyembamba haina shida; uso mweusi hutoa joto vizuri kuliko aluminiamu iliyong'arishwa, hasa pikipiki ikiwa imesimama. Rangi nene ni blanketi. Na pikipiki ikiwa mwendoni, mpozaji mkuu ni upepo, kwa hiyo tope lililokaukia kati ya mapezi lina madhara kuliko rangi yoyote.

Mimi niliwahi kufunga bomba la moshi la wazi na kichujio cha hewa chepesi, jeti za kabureta (vitundu vinavyopima petroli) nikaziacha zilivyo. Pikipiki ikanguruma vizuri, nikafurahi. Siku chache baadaye injini ilikuwa ya moto kiasi kwamba nikiwa nimesimama nilihisi joto likipanda mapajani. Fundi akafungua plagi, akaniwekea kiganjani: ncha nyeupe kama jivu. Hewa ilikuwa imezidi petroli. Petroli huungua kamili kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1 kwa uzito, lakini injini inayofanya kazi nzito huhitaji petroli zaidi ya hapo, na petroli hiyo ya ziada husaidia kupoza chumba cha mwako. Tukaweka jeti kubwa zaidi, plagi ikarudi kuwa ya kahawia. Hakuna mpako ambao ungeniokoa pale.

Kuongeza mbano, yaani kubana zaidi hewa na petroli kabla ya kuwaka, kuna faida, maana kazi zaidi hupatikana kwa mafuta yaleyale, mradi petroli iwe ya okteni ya kutosha, yaani iweze kustahimili mbano bila kujiwasha yenyewe. Injini ikianza kugonga kwa petroli kujiwasha hivyo, pistoni haina siku nyingi.

Silinda kubwa ni habari nyingine. Unachoma petroli zaidi kila mzunguko, huku mapezi yakiwa karibu yaleyale. Anayepanga kufunga silinda hiyo, fedha ya kwanza aiweke kwenye rejeta ya oili, ile ya kupoza oili ya injini.