Safari za mafunzo kwa vijana wa Lamu: aanze kijana au mlezi wake?

Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya unaogharamia safari za mafunzo, una bajeti ya takriban yuro bilioni 26 kwa miaka ya 2021 hadi 2027. Miongozo yake inataja vikwazo vinavyomwacha kijana nyuma: ulemavu, ufukara, ubaguzi, na hata kuishi kwenye visiwa vidogo. Hilo la visiwa latugusa sisi wa Lamu moja kwa moja. Sehemu kubwa ya mpango huo ni ya Ulaya yenyewe, lakini swali lake ni letu pia: pesa zikiwa chache, zimsafirishe kijana, au zimfunze anayemlea katika kikundi, skauti au timu ya mtaani?

Wanaotetea safari wana hoja nzito. Binti wa Faza, kisiwani Pate, akienda na kurudi salama, wazazi wa nyumba ya pili hulegeza msimamo, na sijui semina inayoweza kuwalegeza vile. Tazama pia Malindi, ambako vijana wamekijua Kiitaliano ufuoni kwa kuzoeana na wageni, bila darasa wala mwalimu. Ila pale safari huwa ya upande mmoja. Mwitaliano ndiye anayekuja.

Sasa fuata njia ya kijana wa Kizingitini aliyeitwa Ulaya. Boti hadi Lamu mjini, boti nyingine hadi Mokowe, upande wa bara, basi hadi Mombasa, kisha Nairobi kwa ajili ya viza. Ada ya viza ya Schengen, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hurudishiwi. Kabla ya hapo kuna pasipoti, na kabla ya pasipoti kuna kitambulisho, ambacho Wabajuni wengi, wenyeji wa visiwa hivi, wamekihangaikia kwa miaka. Mradi unaweza kurejesha gharama ya viza, lakini nyumba inayotegemea uvuvi itaitoa wapi leo, tena wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka? Mwishowe anakwenda mwenye shangazi Mombasa, pasipoti mkononi na Kiingereza cha kujazia fomu. Kijana kiziwi wa Pate hata hakupata habari kwamba kulikuwa na nafasi. Ripoti itaandika kwamba vijana wa visiwani walishirikishwa, na haitakuwa imesema uongo.

Hapa ndipo ninapowaelekea wanaotaka mlezi afunzwe kwanza. Chini ya Erasmus+ kuna fedha za mkalimani wa lugha ya ishara, za mtu wa kumsindikiza kijana mwenye ulemavu, hata za ziara ya maandalizi kabla ya vijana kuondoka. Lakini haziji zenyewe. Lazima ziombwe tangu mradi unapoandikwa, na kiongozi wa kikundi asiyejua kwamba zipo hawezi kuziomba. Mlezi aliyefunzwa anajua aombe nini. Anajua pia ni nyumba gani ina mtoto anayefichwa, na ni mama gani atakubali binti aende iwapo mwanamke mzima anaandamana naye. Maarifa haya hayapatikani ofisini Nairobi.

Upande huu nao una kidonda chake. Mafunzo ya walezi yamegeuka mara nyingi kuwa semina za hoteli, nyuso zilezile, posho na cheti. Walezi wengi hujitolea bila mshahara, hivyo mmoja akishafunzwa vizuri huchukuliwa na shirika la Mombasa, na kisiwa kinabaki kilivyokuwa. Simlaumu, ana watoto wa kulisha. Lakini anayefadhili mafunzo bila kumlipa mlezi anawafunzia wengine wafanyakazi.

Kwa hiyo nasema mlezi aanze, kwa masharti. Wafunzwe wawili kutoka kila kisiwa, mmoja awe mwanamke, na walipwe. Kila mafunzo yafungwe kwenye safari halisi ya vijana, ya karibu kwanza: Pate hadi Malindi, kisha Uganda au Rwanda, ambako tangu 2014 Mkenya huingia kwa kitambulisho tu. Ulaya ifuate baadaye. Na mradi wowote utakaofika Mokowe uulizwe kabla ya kupigwa picha: nauli ya boti na ada ya viza atatanguliza nani, na mkalimani yumo kwenye bajeti au hayumo?