Fedha za Milima Myeusi: je, Walakota wanakosea kuzikataa?

Hazina ya Marekani inatunza fedha za fidia ya Milima Myeusi ambazo wenyewe hawazitaki. Mwaka 1980 zilikuwa dola milioni 106 hivi. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimevuka bilioni 1, na riba haijaacha kuingia. Wenyewe ni makabila ya Wasioux, wakiwemo Waoglala wa Pine Ridge, South Dakota, eneo ambalo kila zinapotajwa sehemu maskini zaidi nchini humo halikosekani. Anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza huuliza: hawa watu wana akili timamu kweli? Nami niliuliza hivyo. Sasa nadhani wana hoja, ila si ile inayorudiwa sana, na wenzao wanaotaka fedha zichukuliwe nao hawajakosa hoja.

Kwanza tuweke sawa majina. "Sioux" si jina walilojipa. Wafaransa walilichukua kutoka kwa majirani zao Waojibwe, wakalikata na kulipindisha mpaka likawa hivyo. Wenyewe hujiita Oceti Sakowin, yaani Mioto Saba ya Baraza. Wa magharibi ni Walakota, wa mashariki ni Wadakota, na tofauti unaisikia mdomoni: rafiki kwa Mlakota ni "kola", kwa Mdakota ni "koda", kama mchele unavyogeuka mtele ukifika Mombasa. Hata hivyo serikali zao nyingi bado zinajiandika Sioux, maana ndilo jina lililomo kwenye mikataba, na ugomvi wote huu ni wa mkataba.

Mkataba wenyewe ulitiwa saini Fort Laramie mwaka 1868. Uliwatengea nchi kubwa magharibi ya mto Missouri, pamoja na milima waiitayo Paha Sapa, Milima Myeusi, ambayo ukiitazama kutoka mbali misonobari huifanya ionekane kama kivuli kilichosimama katikati ya nyika. Kifungu cha 12 kilisema hakuna kipande kitakachotolewa bila saini za angalau robo tatu ya wanaume wazima. Miaka sita baadaye, kiangazi cha 1874, Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, aliingia huko na msafara wa watu zaidi ya elfu moja, wakaona dhahabu kwenye kijito cha French Creek. Habari ilipofika mjini, wachimbaji hawakungoja ruhusa ya mtu.

Serikali ikajaribu kununua. Mwaka 1875 ilitaja dola milioni 6, au kukodi kwa dola 400,000 kwa mwaka. Wakakataa. Mwaka uliofuata ikaja vita, na Custer akafia kwenye mapigano ya Little Bighorn tarehe 25 Juni. Baada ya hapo Bunge la Marekani likakata mgao wa chakula mpaka watakapoiachia milima. Tukumbuke hali ilivyokuwa: nyati wa Amerika walikuwa wanamalizwa kwa bunduki, bunduki na farasi wa Walakota wakinyang'anywa, na anayekuletea nyama na unga ndiye anayekuletea karatasi ya kutia saini. Pamoja na shinikizo lote hilo, waliotia saini walikuwa kiasi cha asilimia 10 tu ya wanaume wazima. Bunge halikujali. Sheria ya Februari 1877 ikachukua milima, jumla ekari milioni 7.3.

Kesi ilifunguliwa mwaka 1923, ikatupwa mwaka 1942, ikafufuliwa, ikapita kwenye tume na mahakama nyingine, mpaka Juni 30, 1980 Mahakama ya Juu ilipoamua, majaji wanane dhidi ya mmoja, kwamba milima ilitwaliwa bila fidia ya haki na kwamba mgao wa chakula haukuwa bei yake. Thamani ya mwaka 1877 ilikadiriwa dola milioni 17.1. Ongeza riba ya asilimia 5 kwa mwaka, ndipo ikapatikana ile milioni 106. Mawakili walilipwa dola milioni 10.6 zao mwaka uliofuata. Wateja hawakugusa senti.

Hoja ya kukataa inayosikika zaidi ni ya utakatifu, kwamba milima ni moyo wa kila kilichopo na moyo hauuzwi. Siibezi. Upande wa kusini wa milima kuna Wind Cave, pango ambalo kwa masimulizi ya Walakota watu walitokea humo kutoka chini ya ardhi. Mdomo wake wa asili ni tundu dogo la mwambani ambalo mtu mzima hupita kwa shida, na tundu hilo linapumua. Siku nyingine upepo hutoka kwa nguvu ya kupeperusha kofia, siku nyingine huvuta ndani, kulingana na mgandamizo wa hewa ya nje. Fizikia inalieleza jambo hilo vizuri, lakini mzee aliyelelewa akiambiwa kwamba ardhi ni bibi yake mzaa mama hahitaji kuelezwa kwa nini bibi anapumua. Kuizunguka milima yote kuna bonde jekundu. Wanasema ndiyo njia ya mbio kuu baina ya viumbe wa miguu miwili na wa miguu minne, walioshindana kuamua nani atamla nani. Ndege mmoja wa jamii ya kunguru, mweusi na mweupe, aliwashindia wa miguu miwili, na ndiyo sababu watu wanakula nyama ya nyati na si kinyume chake.

Ila hoja ya utakatifu ina nyufa mbili, na mchambuzi mkweli hapaswi kuzifunika blanketi.

Ya kwanza inatoka kwenye kumbukumbu za Walakota wenyewe. Walikuwa na utaratibu wa kuhesabu miaka kwa picha, waniyetu wowapi, picha moja kwa kila majira ya baridi, ikichorwa juu ya ngozi na baadaye juu ya kitambaa au daftari. Karibu kila ngozi ina mwaka 1833, usiku zilipoanguka nyota nyingi kama mvua, na kwa kuwa wanasayansi wanajua tarehe ya vimondo vile, picha nyingine zote zinaweza kupangwa kuanzia hapo. Katika hesabu ya American Horse wa Waoglala, picha ya 1775 hadi 1776 ni ya mtu aitwaye Standing Bull, ambaye inasemwa aliivumbua Milima Myeusi na kurudi nyumbani na mti mdogo wa msonobari wa aina asiyowahi kuuona. Kabla yao walikuwapo Wakiowa, Wacheyenne na wengine, na Walakota waliwasukuma. Wapinzani wa kurudisha ardhi wanaipenda sana picha hii: mliichukua kwa nguvu, mmechukuliwa kwa nguvu, yaishe.

Ya pili ni kwamba mwaka 1875 baadhi ya viongozi walitaja bei. Red Cloud alitaka watu wake watunzwe kwa vizazi saba. Waliomsikiliza waliona ni mzaha. Mimi naona ni mtu aliyejua kwamba milima itachukuliwa hata hivyo, akataja kiwango kinachokaribia thamani yake. Lakini bei ni bei. Anayesema leo kwamba hakuna Mlakota aliyewahi kufikiria kuuza hasemi kweli.

Kwa upande wa kuchukua fedha, hoja ni nzito kuliko wanaharakati wanavyokiri. Kesi imefungwa. Waoglala walijaribu tena palepale mwaka 1980, wakidai ardhi yenyewe pamoja na dola bilioni 11, wakatupwa nje. Kwa hiyo kukataa fedha hakuifungui tena milango ya mahakama, na wakati huo huo bibi wa Pine Ridge anaishi watu kumi na wawili katika nyumba ya vyumba viwili, baridi ikipenya kwenye sakafu. Mwenye kiu haambiwi angoje kisima kichimbwe. Wapo Wasioux wanaosema hivi waziwazi: mwaka 2009 kundi lao lilikwenda mahakama ya shirikisho kudai fedha zigawanywe. Kesi ikafutwa, lakini iliondoa ile picha ya taifa zima lililofunga mikono kwa sauti moja. Ni rahisi kuusifu msimamo wa watu wanaolala njaa ukiwa umeshiba, na nakubali kwamba mimi ninayeandika hapa nimeshiba.

Tufanye hesabu, basi. Tuseme ni dola bilioni 1 na watu laki moja. Kila mmoja anapata dola 10,000. Ni gari lililotumika na madeni mawili matatu kulipwa, halafu basi. Ukiziweka pamoja kama mfuko wa nyumba na maji, unapata kitu cha maana zaidi, lakini hapo unahitaji makabila yote yakubaliane namna ya kugawana, na hayo hayajawahi kukubaliana hata juu ya wakili.

Kinachonifanya niegemee upande wa wanaokataa ni jambo kavu kuliko utakatifu. Mkataba wa 1868 ulihitaji robo tatu wakubali, na hawakukubali. Mahakama ilisema fidia ya haki haikulipwa. Haikusema ardhi irudi, kwa sababu njia iliyofunguliwa na sheria za madai ya Wahindi wa Amerika ilikuwa fedha peke yake. Mwenye shamba aliyeporwa akiingia mahakamani akakuta dirisha moja tu lililo wazi, la keshia, halazimiki kuamini kwamba alikuja kuuza. Akipokea ndipo, mbele ya macho ya watu, mauzo yanakamilika, na ile saini iliyokosekana mwaka 1877 inapatikana kwa kuchelewa. Huo ni uwanja wa siasa, si wa sheria, lakini mikataba baina ya mataifa huishi huko. Na ile hoja ya Wakiowa? Ni kweli, na wakitaka kudai, madai yao ni dhidi ya Walakota. Haimpi haki mtu wa tatu aliyeweka sahihi yake kwenye mkataba akauvunja mwenyewe.

Inasemwa pia kwamba kurudisha ardhi haiwezekani kwa kuwa kuna miji, mashamba na nyuso za marais wanne mlimani Rushmore. Hili lilijibiwa zamani. Mwaka 1985 Seneta Bill Bradley alipeleka muswada wa kurudisha ekari milioni 1.3 zilizomo mikononi mwa serikali ya shirikisho, misitu zaidi, bila kugusa nyumba ya mtu, na Rushmore ikiachwa ilipo. Wanasiasa wa South Dakota waliupinga, ukafa. Hata ndani ya Walakota wapo waliouona ni mdogo mno, na hapo naona walikosea: ekari milioni 1.3 zenye miti ni bora kuliko milioni 7.3 zilizo kwenye hotuba.

Mwaka 2012 jambo la ajabu lilitokea. Pe' Sla, uwanda wa majani ulio katikati ya milima, mahali pa sala na sherehe za Walakota, uliwekwa sokoni na familia iliyoumiliki. Warosebud, Wastanding Rock, Wacrow Creek na jamaa zao wa Minnesota, Washakopee Mdewakanton wenye kasino iliyowatajirisha, wakachangishana. Wakanunua ekari zaidi ya 1,900 kwa dola milioni 9. Wengine walilalamika kwamba mtu hanunui mali yake aliyoibiwa. Wengine walisema mnada haungoji mjadala.

Gawanya mwenyewe. Wanunuzi wa Pe' Sla walilipa zaidi ya dola 4,600 kwa ekari. Ile hukumu ya 1980, ukiondoa riba, iliwapa dola 2 na senti 34.