Kujitolea Kunampa Kijana Watu

Ukimwambia kijana wa Mombasa asiye na kazi ajitolee, atakuuliza kwanza: "Nitapata nini?" Mimi silioni swali hilo kuwa baya. Wa Kisauni asiye na nauli ya kufika Mikindani hawezi kushiba sifa. Lakini kila nikishuka kupanda mikoko kwenye hori ya Tudor, nazidi kuamini kwamba kipo anachokipata pale, nacho ni watu.

Maji yakipwa tunakunja suruali na kuingia topeni. Mbegu ya mkoko ni ndefu, tena huanza kuota ingali mtini. Unaichomeka wima, upande wa mzizi chini. Ukiizamisha yote itaoza, na ukiichomeka juujuu maji yakijaa yanaondoka nayo. Anayekuelekeza ni mama wa mtaa au mvuvi mzee anayejua mahali mche utashika na mahali unapoteza nguvu bure. Kando yako yuko mwanafunzi wa chuo, na mbele yako dereva wa tuktuk aliyeiacha gari barabarani. Siku za kawaida watu hawa hawana pa kukutania.

Nafasi nyingi za kazi mjini hapa hupatikana kwa kujulikana, tukubali tusikubali. Kijana anayefika kwa wakati, asiyeogopa tope, anayewabebea wazee miche, jina lake litatajwa siku mtu atakapotafuta msaidizi. Na hata kazi isipopatikana, si kitu kidogo kuamka asubuhi ukijua kuna watu wanaokungoja. Nimewaona waliokuwa wamejifungia nyumbani kwa kukata tamaa wakirudi kucheka na wenzao.

Jiji nalo linafaidika. Mizizi ya mikoko inashika udongo na kuwapa hifadhi kamba, kaa na samaki wachanga, kitoweo chetu wenyewe. Hospitalini, damu iliyotolewa haikai sana: chembe nyekundu huhifadhiwa siku 35 hadi 42 tu, kwa hiyo wachangiaji wanahitajika mwaka mzima. Na mwezi wa Ramadhani, adhana ya Magharibi ikiwakuta watu kwenye kivuko cha Likoni, wapo vijana wanaowagawia tende na maji bila kuuliza nani ni nani. Mji wenye mazoea hayo, likitokea la kutokea, watu wake hawaanzi kujuana siku hiyo.

Ninachowaomba waandaaji ni viwili. Cha kwanza, nauli na maji ya kunywa. Hayo si malipo, na kumtumia kijana miezi kadhaa bila hata nauli ni kumdhulumu, tusilipambe kwa jina la kujitolea.

Cha pili kinaniuma zaidi. Tarehe 5 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, kamera hujaa, miche inapandwa, watu wanapiga picha na kuondoka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini chupa na vifungashio bado vinaletwa na maji na kuilalia miche michanga mpaka inapinda. Lazima mtu arudi kuiondoa takataka hiyo na kupanda upya palipokufa. Basi mkitangaza siku ya kupanda, tangazeni papo hapo na siku ya kurudi, na mseme ni nani atakayekuwapo.