SAT au dirisha la TCU? Hesabu za mhitimu wa kidato cha sita Mwanza

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai, kuanzia Nyegezi hadi Igoma swali ni moja: mtoto kapata wani, sasa aende wapi? Zamani jibu lilikuwa fupi. Dirisha la udahili la Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) likifunguliwa anaomba vyuo, anaomba mkopo bodi ya mikopo ya elimu ya juu (HESLB), na miezi michache baadaye yuko kwenye basi la Dar au Dodoma, au amebaki hapa hapa SAUT au Bugando. Siku hizi wapo vijana wanaotaka dirisha hilo lipite. Wanaomba wakae mwaka mzima wakisomea SAT, mtihani unaotumika kuomba vyuo vya Marekani, kwa imani kwamba wani ya tatu (daraja la kwanza kwa pointi tatu) ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, itawafikisha MIT au Yale, tena kwa kulipiwa kila kitu.

"Baba, nipe mwaka mmoja tu." "Ukae mwaka mzima ukifanya nini, mwanangu?"

Nadhani wote wawili wana haki, ila wanabishania nchi wakati swali lenyewe ni kozi.

Hoja ya kijana si ndoto tupu. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haviangalii mfuko wa familia vinapoamua nani apokelewe, hata kama mwombaji anatoka nje ya Marekani. Ukishapokelewa, chuo kinafidia kile ambacho familia haiwezi kulipa, na sehemu kubwa ya fedha hiyo hairudishwi. Linganisha na mkopo wa HESLB, ambao ukianza kazi unakatwa asilimia 15 ya mshahara wako hadi deni liishe. Kwa mtoto wa mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, anayefaulu kweli kweli, chuo cha mbali na ghali kuliko vyote kinaweza kumgharimu pungufu ya chuo cha jirani. Wazazi wengi hawaamini wakiambiwa hivyo, na siwalaumu, maana mji huu umeshaona mawakala wengi wa "skolashipu" wanaotaka pesa kwanza na maelezo baadaye.

Ila tuwe wakweli kuhusu uwezekano. Harvard hupokea waombaji wasiofika watano katika kila 100. MIT, kwa wanaotoka nje ya Marekani, ni wawili hivi katika kila 100. Na hao 98 waliobaki hawakuwa vilaza. Wengi wao walikuwa wanafunzi wazuri shuleni kwao. Kwa hiyo mzazi anayesema "hiyo ni bahati nasibu" anakaribia ukweli. Anapokosea ni kudhani hakuna kitu katikati. Vipo vyuo vingi vya Marekani visivyotajwa vijiweni ambavyo huwasaidia wanafunzi wa nje, ingawa vingi kati ya hivyo hutazama uwezo wa kulipa kabla ya kuamua.

Sasa kalenda, ambayo naona ndiyo inayoamua mambo kuliko akili ya mtoto. Mtihani wa kidato cha sita wa Baraza la Mitihani (NECTA) hufanyika Mei. Kisha wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu, na matokeo huwakuta kambini. Udahili wa TCU unaanza Julai. Vyuo vya Marekani hufunga maombi ya mapema Novemba mosi na ya kawaida mwanzoni mwa Januari, majibu hutoka kufikia mwisho wa Machi, masomo huanza Agosti. Aliyemaliza Mei, akitoka JKT, anabaki na SAT ya Oktoba, Novemba au Desemba. Akipokelewa, anaanza chuo zaidi ya mwaka mmoja baada ya kumaliza shule. Asipopokelewa, anajua mapema kabla ya dirisha la TCU la Julai inayofuata. Hasara ni mwaka mmoja. Si mdogo, lakini si maisha.

Kuna wanaojiona wajanja: anza chuo cha ndani, omba nje ukiwa huko huko. Hapa wengi wanaumia. Ukishasajiliwa chuoni kama mwanafunzi wa shahada, vyuo vingi vya Marekani hukuhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia, na msaada wa fedha kwa wahamiaji kutoka nje ni haba mno. Mlango uliokuwa wazi kidogo unakuwa umejifunga mwenyewe.

Mtihani wenyewe haufanani na pepa za NECTA, na hili linawashangaza hata wanaopiga msuli usiku kucha. SAT hufanyika kwenye kompyuta kwa saa mbili na dakika 14, maswali 98, alama kati ya 400 na 1600. Hesabu zake nyingi ni za kidato cha kwanza hadi cha nne. Chukua swali la aina hii: ikiwa 3x + 7 = 22, basi 6x + 14 ni ngapi? Mwanafunzi wetu aliyefundishwa vizuri ataandika hatua: 3x = 15, x = 5, kisha 30 + 14 = 44. Kwa NECTA hatua zile zina alama zake, hata jibu likikosewa mwishoni. SAT haioni hatua. Mwenzake anaona kwamba upande wa pili ni ule wa kwanza mara mbili, anaandika 44, anaenda swali jingine. Isitoshe, kila somo, Kiingereza na hisabati, lina sehemu mbili, na ugumu wa sehemu ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Makosa ya uzembe mwanzoni yanakushushia alama ya juu unayoweza kufikia. Mtu wa PCM akifanya majaribio ya bure yaliyomo kwenye Bluebook, programu ya kompyuta inayotumika kufanyia SAT, kwa wiki kadhaa, hesabu zitanyooka. Mtu wa HGL (historia, jiografia na lugha) aliyeaga hisabati kidato cha nne ana safari ndefu zaidi.

Kinachowaangusha wengi ni Kiingereza cha kusoma. Tumesoma sekondari kwa Kiingereza, ndiyo, lakini kwa madesa na mihtasari ya kujibia maswali, si kwa vitabu. Aya fupi fupi za waandishi asiowajua, moja baada ya nyingine, kila moja na swali lake la mtego, zinamchosha mtoto aliyezoea kukariri. Hilo halirekebishwi kwa twisheni ya Oktoba.

Halafu kuna makaratasi, na hapa naielewa hasira ya vijana. Chuo kinataka barua za walimu. Mwalimu wa Kemia mwenye mikondo mitatu na madaftari lundo mezani anaandika kwa nia njema: "Ni mwanafunzi mtiifu, mwenye nidhamu na bidii." Sentensi hiyo ingetosha kwenye cheti cha kumaliza shule. Kwa msomaji wa Marekani haina kitu, kwa sababu haimwambii mtoto huyu alifanya nini ambacho mwenzake hakufanya. Mwanafunzi anayemkumbusha mwalimu kwa adabu, "Mwalimu, unakumbuka nilivyotengeneza kichujio cha maji kwa ajili ya bweni?", hatafuti upendeleo. Anamrahisishia kazi. Insha nayo, isiyozidi maneno 650, mara nyingi inaharibika kwa sababu nyingine: mtoto anaandika umaskini wa kuombea huruma akidhani ndio wanaoutaka. Kijana wa Ukerewe aliyekuwa akimwekea bibi yake hesabu za mauzo ya dagaa, akagundua faida inaliwa na usafiri, ana insha nzuri kuliko mia za njaa na vibatari.

Turudi kwenye kozi. Anayetaka udaktari, namwambia bila kuzunguka: mwaka wa kungoja Marekani haumfai. Kule udaktari si shahada ya kwanza. Unasoma miaka minne ya kitu kingine, ndipo unaomba chuo cha udaktari cha miaka minne mingine, na vingi havipokei wageni, achilia mbali kuwalipia. Huku MD, shahada ya udaktari, ni miaka mitano na mmoja wa utarajali. Bugando ada yake inazidi ya vyuo vya umma, ni kweli, lakini mwanafunzi wake anaona wagonjwa wa kanda nzima ya ziwa kwenye hospitali iliyo mlangoni pake. Sheria vile vile: kule ni shahada ya pili, na ni sheria za kwao.

Kwa uhandisi, kompyuta, fizikia au uchumi, mizani inabadilika. Hapo mwaka mmoja naona ni bei ya haki, iwapo familia inaweza kuubeba. Maana una gharama: ada ya SAT kwa walio nje ya Marekani inazidi dola 100, pasipoti ni shilingi 150,000, kuna bando na pengine nauli ya kwenda kituo cha mtihani. Wapo wasioweza kuubeba kabisa. Aliye na ufaulu wa juu wa sayansi na jina lake liko kwenye orodha ya ufadhili wa Samia, ule wa serikali kwa wanaofaulu sayansi, ulioanza 2022/23, sioni kwa nini aache hakika kwa ajili ya pengine. Na kwa binti, mwaka wa kukaa nyumbani una hatari yake: mashangazi huanza kuuliza habari za mchumba kabla ya Desemba. Baba anayempa mwanawe mwaka ampe pamoja na ulinzi wa kauli yake.

Mkopo hautapotea kwa mwaka mmoja. Miongozo ya HESLB ya miaka ya karibuni inawaruhusu waliohitimu kidato cha sita ndani ya miaka mitano.

Kama ningeulizwa maandalizi yaanze lini, ningesema Novemba ya kidato cha nne, mtihani ukiisha. Kati ya mtihani huo na kuripoti kidato cha tano Julai kuna miezi saba hivi, ambayo wazazi wengi huijaza kwa twisheni za kumtanguliza mtoto kwenye topiki atakazofundishwa tena. Miezi hiyo asome vitabu vya Kiingereza, vyovyote anavyopenda. Akifika kidato cha sita, anaweza kufanya SAT ya Oktoba na kuomba Januari akitumia matokeo ya kidato cha nne, ripoti za shule na makadirio ya walimu, bila kupoteza mwaka wowote. Mbaya ni kwamba muda huo huo shule inabana kwa ajili ya moku ya mkoa, na walimu wakuu wengi hawatamwelewa anayeomba ruhusa ya kwenda kufanya mtihani wa Wamarekani. Mzazi aende mwenyewe shuleni kuzungumza na mwalimu mkuu, mapema, mwanzoni mwa muhula wa Julai.