Si Ni Kuogelea Tu?

Sema tu kwamba unajiandaa kuogelea kilomita 10 baharini, uone. Baraza zima la Lamu lina jibu moja: "Si ni kuogelea tu?" Na hao wanaosema wamezaliwa kisiwani, wamezeekea kisiwani, na Manda pale ng'ambo hawajawahi kufika bila boti. Kuogelea, bwana, ndiyo kazi ndogo. Kazi ni kuyakuta maji yakiwa na nafasi.

Maji hayapokei simu. Mwezi ukiandama, na tena kuanzia mwezi 14, yaani siku ya 14 tangu uandame, siku kadhaa ni bamvua: maji hupanda na kushuka karibu mita 3, na mengi yake hujipenyeza kwenye mkondo ulio kati ya kijiji cha Shela na kisiwa cha Manda kama watoto wa chuoni waliofunguliwa mlango. Mwogeleaji wa wastani huenda kilomita 3 kwa saa. Mkondo wa kilomita 3 ukikujia usoni, piga hesabu mwenyewe: unatupa mikono saa nzima, na mnara wa msikiti wa Shela uko palepale, unakutazama. Ngoja maji mafu, mwezi 8 au 9, au 22 na 23, mkondo upungue nguvu.

Umeyapata? Haya, upepo. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma, ule ufuo wa Shela wa kilomita 12 unaotazama bahari kuu hauna adabu. Maji yakipwa ndiyo balaa: mkondo unatoka, kusi inaingia, hapo mlangoni wanagombana na mawimbi yanasimama wima. Anayemeza chumvi ni wewe, ambaye hata ugomvi huujui. Subiri tanga mbili, majira ambayo kaskazi, upepo wa kaskazini, imechoka na kusi haijaamka. Tena uanze alfajiri, kwani huku adui si baridi. Mashindano ya kimataifa ya bahari wazi hayaruhusiwi maji yakizidi nyuzi joto 31, na yetu miezi ya joto hukaribia hapo. Mwili unaofanya kazi ndani ya maji ya moto hauna pa kumwaga joto lake. Unajipika, polepole, kama mbaazi.

Mbaazi yenyewe nayo iache. Mahamri na mbaazi ya nazi saa kumi na moja, saa kumi na mbili umelala kifudifudi juu ya mawimbi: samaki watakushukuru. Kula chakula chepesi saa mbili au tatu kabla. Humo njiani, kila nusu saa unywe kama mililita 300, na kwa saa nzima upate gramu 60 hivi za sukari. Hivyo ni vijiko vya chai 15! Mama akikuona ukikoroga atauliza harusi ya nani. Tia na chumvi kidogo, kisha uijaribu wiki za mazoezi, maana tumbo likiamua kukataa, huko katikati hakuna choo cha heshima.

Mafuta ya mgando upake kwapani, shingoni na mapajani, la sivyo ngozi itasuguliwa na chumvi mpaka uoge kwa kilio. Mpakaji avae glavu. Akikupaka kwa mkono mtupu, kisha akushikie miwani, umekwisha: kioo chenye mafuta hakipanguswi baharini, utaona ukungu hadi mwisho. Miwani ya akiba ikae botini. Kila mikono 10 inua macho tu utafute mnara, kama mamba. Ukiinua kichwa kizima, miguu inazama na unajivuta kama gunia la nazi.

Sasa nahodha. Mwambie mara tatu: asikuguse, wala usiiguse boti, ukiigusa safari imebatilika. Chupa aitupe kwa kamba. Atakubali yote, halafu akikuona umesimama kunywa atakushika kwapa kwa huruma. Boti ya mashine ikae upande unaopelekewa upepo, mita chache kutoka kwako. Ikikaa upande unaotokea upepo, utavuta moshi wa petroli kilomita 10. Na asilete mshipi! Kuna manahodha ambao hawawezi kwenda taratibu saa tatu bila kuvua.

Konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama uteute, akikuchoma, osha kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi zake bila kusugua, kisha maji ya moto unayoweza kuyavumilia. Yule anayejitolea kukukojolea, na hakosekani, mwambie ahsante, abaki nayo.

Mazoezi? Ongeza kidogo kidogo kila wiki, ufikie kilomita 7 au 8 kwa mkupuo mmoja, yatosha.

Basi umefanya yote. Tanga mbili imeingia, nahodha ameapa, mafuta ya mgando kopo zima. Na likizo uliyoiomba tangu Ramadhani imekubaliwa, siku tatu kamili, hazibadilishwi.

Kuanzia mwezi 14.